Sikio Kwanza: Namna ya Kukipata Kiingereza Kinachosemwa na Kuteua Maneno Kama Wenyewe

Niliwahi kukaa mapokezi, zamu ya usiku, kwenye nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Usiku mmoja, kama saa nne hivi, simu ya chumbani ikalia. Mama mmoja mwenye lafudhi ya Uskoti aliomba aamshwe "five fifteen" ili awahi boti ya asubuhi. Nikaandika kwenye daftari: 5:50. Asubuhi nilipogonga mlango, zilikuwa zimeshapita dakika 35. Mama wa watu alifika bandarini hajachana nywele wala hajagusa chai. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa upole kama sikumsikia.

Nilimsikia vizuri sana. "Fifteen" na "fifty" nilizijua tangu shule ya msingi, na cheti changu kina alama ya Kiingereza ambayo mzee wangu aliwaonyesha majirani. Ila nilizijua kwa macho. Maneno yangu mengi ya Kiingereza yaliingia kupitia ubao na daftari, na sikio halikuwahi kutambulishwa kwayo. Mwongozo huu ni kwa mtu wa namna hiyo: anasoma gazeti la Kiingereza bila taabu, lakini Mwingereza akifungua mdomo anabaki kutabasamu na kuitikia "yes, yes". Utaona pia kwamba kazi hiyohiyo ya sikio ndiyo inayotibu ugonjwa wa pili, ule wa kusema Kiingereza chenye sarufi safi ambacho hakuna mtu anayekisema.

Kwanza, jua sikio linakwama wapi

Kiswahili kinamhurumia msikilizaji. Tuna irabu tano, kila silabi inapewa haki yake, na mkazo tunajua upo wapi: silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiambiwa "nitakupigia", silabi zote sita zinafika.

Kiingereza hakigawi sawa. Lafudhi rasmi ya kusini mwa Uingereza ina sauti za irabu zipatazo 20, zinazoandikwa kwa herufi zilezile tano. Mtihani mdogo: sema "hat", "hut", "heart" na "hurt". Wengi wetu tunazitamka zote nne karibu sawa, "hat", labda na "hati" kwa mbali. Kwa Mwingereza hizo ni kofia, kibanda, moyo na kuumia. Na irabu inayotumika kuliko zote haina herufi yake kabisa: ile sauti fupi, legevu, inayoanza neno "about" na kumalizia "teacher". Wanaisimu huiita shwa. Silabi isiyo na mkazo ikishachoka, huangukia hapo. Ndiyo maana "comfortable" unayoisoma kwa silabi nne inasikika kama "kamftabol".

Mkwamo wa pili ni kwamba maneno ya Kiingereza hayatembei mojamoja. Yenye uzito husimama, na madogo kama "of", "to", "for", "can", "have" na "her" humezwa katikati. Wa tatu ni mazoea yetu ya kumaliza silabi kwa irabu. "Shirt" tuliipokea ikawa shati, "bank" ikawa benki, "blanket" ikawa blanketi. Sikio letu bado linaisubiri ile irabu ya mwisho, na isipokuja, neno linapita bila kubisha hodi.

Tusijidharau lakini. Sauti ya mwanzo ya "think" ni ile ya thelathini, ya "this" ni ile ya dhahabu, na mwisho wa "sing" ni ng' ya ng'ombe. Kuna mataifa yanasota miaka kwa sauti hizo. Kama kwenu mnasema "selasini" na "zahabu", anza kurekebisha huko kwenye Kiswahili, na Kiingereza kitafuata.

Hatua ya 1: Chagua kipande kidogo chenye maandishi yake

Filamu nzima si somo, ni burudani. Unachohitaji ni kipindi kifupi, mzungumzaji mmoja au wawili, na maandishi kamili ya walichosema. BBC, ambayo imekuwa ikifundisha Kiingereza redioni tangu 1943, ina kipindi cha "6 Minute English" kinachokuja na maandishi yake bure. Kwa anayeanza kabisa, Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya "Special English", yaliyokuwa yakisomwa polepole kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500. Rekodi zake nyingi bado zinapatikana mtandaoni.

Pakua sauti, achana na video. Dakika sita za sauti ni kama MB 3 hadi 6, wakati video ya muda huohuo inaweza kukumalizia bando la siku. Tena picha inadanganya: unaona mtu anashika kikombe, unadhani umesikia "cup".

Kipimo changu cha ugumu ni hiki. Sikiliza dakika moja. Kama hujaambulia hata mada, kipande hicho ni kigumu, kiweke. Kama hujakosa kitu, ni chepesi mno. Kinachofaa ni kile ambacho unaelewa habari lakini kuna sehemu nne au tano zilizopita kama upepo.

Hatua ya 2: Sikiliza mara moja, mikono mitupu

Bila karatasi, bila maandishi. Ukimaliza, jisimulie kwa Kiswahili: nani, nini, wapi. Basi.

Hatua ya 3: Imla

Hapa ndipo penye kazi yote. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Chukua sekunde 30 tu za kile kipande. Cheza sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia. Rudia, lakini usizidishe mara tano. Neno usilolijua liandike kwa tahajia ya Kiswahili, kama lilivyosikika. Usipoambulia kitu, acha nafasi. Usichungulie maandishi. Sekunde hizo 30 zitakula dakika 20 za mwanzo, na ni sawa.

Nikuonyeshe kwa karibu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kwa jirani aliandika hivi:

"I should faster for it."

Alisikiliza mara tano, akaapa ndivyo ilivyosemwa. Maandishi yalisema:

"I should have asked her for it."

Kila neno hapo alilijua tangu kidato cha kwanza. Sasa tazama kilichotokea njiani. "Have" ilikonda ikabaki shwa na v tu, ikagandamana na neno linalofuata. "Asked" ilipoteza k yake, kwa sababu konsonanti tatu zilibanana na ya katikati ikaminywa. "Her" ilipoteza h, ikawa shwa tu. "For" na "it" zikaungana kwa r. Kilichotoka kwenye spika ni kitu kama "aishudavaastafarit". Kijana alikata kamba mahali pasipo na fundo: v na "aasta" akaziunganisha, akapata "faster". Sikio lake lilifanya kazi nzuri, lilikosa ramani tu.

Hatua ya 4: Sahihisha kwa peni nyekundu, kisha panga makosa

Fungua maandishi sasa. Kila ulipokosea, jiulize kosa ni la aina gani.

Yapo maneno usiyoyajua kabisa. Hayo ni ya kamusi, usiyalilie. Yapo yale unayoyajua kwa macho lakini sikio halikuyatambua, kama "have" na "her" za yule kijana. Hayo ndiyo dhahabu, yazungushie duara. Halafu kuna vimalizio: "-ed", "-s", "'ll". Mara nyingi hutavisikia kwa sababu vimejificha kwenye neno la mbele. "I asked Tom" na "I ask Tom" karibu hazitofautiani masikioni. Wenyewe hutambua kutokana na habari inayozungumzwa, na wewe utajifunza hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili angalia maduara yako. Utashangaa maneno ni yaleyale: "of", "have", "him", "them", "to", "can", "are". Ni machache mno kukutesa miaka yote hiyo.

"Can" inastahili neno la peke yake, maana ina hasara ya pesa. Watu huisubiri t ili kutofautisha "can" na "can't". Usiisubiri, mara nyingi hasa kwa Wamarekani humezwa. Sikiliza uzito. "I can do it" inatoka "aikn DU-it", uzito upo kwenye kitendo. "I can't do it", uzito unakaa kwenye "can't" yenyewe. Kinyume chake kinatuumiza sisi: tunapenda kusema "I CAN come" kwa kila silabi kupewa haki yake, na Mwingereza wa upande wa pili wa simu anaelewa kwamba huji.

Hatua ya 5: Fuatisha kwa sauti

Zile sekunde 30 ulizozifanyia imla, sasa zicheze na useme pamoja na msemaji, ukimfuata nyuma kama mtoto anayefuatisha dua. Usiwahi, usichelewe, meza anapomeza. Utajisikia mjinga. Funga mlango.

Sababu ni kwamba mdomo hufundisha sikio. Ukishaweza kusema "shudavaasta" bila kujikwaa, siku ukiisikia kwenye simu utaitambua kama sauti ya mtu wa nyumbani. Huhitaji kuacha lafudhi yako. Mimi bado naongea kama mtu wa Unguja na sina mpango wa kubadilika. Unajifunza mwendo wao ili usipotee wanapokimbia.

Swali linaloulizwa sana ni kuhusu kupunguza mwendo. YouTube na programu nyingi za sauti zinakuruhusu kushuka hadi 0.75. Tumia kutegua fundo moja, kisha rudi mwendo wa kawaida papo hapo. Anayezoea mwendo wa kobe atamwelewa kobe.

Hatua ya 6: Kipashe kiporo

Kesho yake, kabla ya kipande kipya, sikiliza cha jana mara moja bila maandishi. Baada ya wiki, tena. Kiporo kikipashwa huwa kitamu kuliko siku kilipopikwa: maneno yaliyokuwa kelele yanatokea moja moja.

Dakika 25 kwa siku zinatosha. Kusikiliza kwenye daladala kunasaidia kama nyongeza, lakini haihesabiki kama somo. Konda na muziki wana nguvu kuliko hedifoni zako.

Sasa maneno: kwa nini sarufi safi bado inasikika ngeni

Chukua neno letu "kali". Kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, dawa kali, pilipili kali. Kwa Kiingereza kisu ni "sharp", jua "hot", mbwa "fierce", mwalimu "strict", dawa "strong", pilipili "hot" tena. Neno letu moja, yao matano. Au "piga": simu, picha, pasi, mswaki, kura, deki, hodi, chafya. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nitafanya simu" tunamwelewa, tunacheka kidogo, tunasonga mbele. Sisi tukisema "I drank my medicine" ndivyo wanavyotufanyia. Dawa kwao ni "take", hata kama ni ya maji.

Hakuna kanuni ya kukokotoa mambo haya. Maneno yana ndoa zao. Kwa hiyo acha kuandika kwenye daftari "decision = uamuzi". Andika ndoa nzima: "make a decision". Na ukiweza andika sentensi yote jinsi ilivyosemwa, na nani alimwambia nani.

Chanzo unacho tayari: yale maandishi ya imla. Kila siku chagua vifurushi vitatu tu vya maneno, yaani ndoa kama hizo, ambavyo wewe usingevisema hivyo. Njia ya kuvipata ni rahisi. Soma sentensi, ifiche, iandike kwa Kiswahili. Kesho itafsiri irudi kwenye Kiingereza bila kuangalia, kisha linganisha. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, niliandika "The rain was big". Msemaji alikuwa amesema "It was pouring". Huwezi kusahau kitu ulichokosea kwa mkono wako mwenyewe.

Ukitaka kuhakiki kifurushi, tumia kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa sababu huonyesha neno likiwa ndani ya sentensi. Kamusi ya lugha mbili itakupa maana bila majirani zake. Upo pia mtandao wa YouGlish: unaandika kifungu cha maneno, unakuletea video za watu halisi wakikitamka. Kikikosekana kabisa, jishtukie.

Mitego ya kwetu

Mingine ni ya kutafsiri moja kwa moja. "I am hearing cold" imetoka kwenye "nasikia baridi". Wao ni "I'm cold". "Open the radio" ni "turn on". "Borrow me your pen" inatokana na "niazime" kutumika pande zote mbili. Anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow". "I broke my hand" inaweza kumpeleka daktari kwenye kiganja wakati umeumia juu ya kiwiko, kwa sababu mkono wetu mmoja kwao ni "hand" na "arm".

Mingine ni ya adabu, na hiyo ndiyo huniudhi ikifundishwa ovyo. "Pole" haina mwenzake. Mzungu akijikwaa ukamwambia "sorry", wengi watakujibu kwamba si kosa lako. "Are you all right?" inafaa zaidi. "Naomba maji" ni heshima tupu kwetu, lakini "I want water" ni amri, "Could I have some water, please?" ndiyo naomba yao. "Umepotea!" kwa rafiki ni upendo, "You are lost" ni taarifa kwamba hajui njia. Sema "I haven't seen you for ages". Na ukitaka kumsindikiza mgeni hadi kituoni, usimwambie "Let me escort you", maana neno hilo lina harufu ya polisi, au ya mambo mengine kabisa. "I'll walk you to the bus stop" inatosha.

Niweke wazi jambo moja. Kiingereza cha Nairobi na Kampala kina misemo yake, na wanaokisema wanaelewana vizuri tu. Mkenya akisema anataka "to alight" kwenye stendi, hajakosea chochote. Akiwa London atasema "get off". Jua unaongea na nani, kama unavyojua pa kusema "mambo" na pa kusema "shikamoo".

Saa na namba: zifanyie mazoezi ya peke yake

Hizi ndizo zinazovunja mikataba. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo ubongo una kazi mbili: kusikia "eight", kisha kuigeuza saa mbili. Usiigeuze ukiwa unasikiliza. Andika tarakimu kama ilivyotajwa, geuza baadaye. Mwingereza akisema "half seven" anamaanisha saa moja na nusu, 7:30. Mjerumani anayeongea Kiingereza anaweza kusema hivyohivyo akimaanisha 6:30, kwa sababu lugha yake huhesabu nusu ya kuelekea saba. Muulize.

Kwa "fifteen" na "fifty", uzito wa "fifteen" uko mwishoni na i yake ni ndefu. "Fifty" uzito uko mbele na mwisho wake ni mfupi. Lakini ikifuatwa na neno lingine, kama "fifteen minutes", uzito unaweza kusogea mbele, na ushahidi unaobaki ni ile n. Jirekodi ukitaja 13, 30, 14, 40, 15, 50 kwa kuchanganya, acha siku mbili zipite, kisha jifanyie imla ya sauti yako. Usipojielewa mwenyewe, mgeni atakuelewaje?

Na kwa siku ambazo sikio limegoma, usiseme "repeat". Utarudishiwa sentensi ileile kwa kelele zaidi. Rudia sehemu uliyoipata na uulize iliyobaki: "Sorry, you'd like a wake-up call at what time?" Wiki chache baada ya yule mama wa Uskoti, bwana mmoja alipiga simu kutoka chumbani kwake, naye akataka kuamshwa, naye nikasikia kitu kati ya kumi na tano na hamsini. Nikamuuliza, "Is that one five, or five oh?"

"Five oh," akasema.